Mkono kufika sakafuni si kipimo cha mkao wa pembetatu

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 43 na ninafanya yoga mara tatu kwa wiki. Katika mkao wa pembetatu, yaani Trikonasana (unasimama miguu ikiwa imetanuliwa na kuinamia upande juu ya mguu wa mbele), mguu wa kulia ukiwa mbele ninaumwa nyuma ya goti, na siku hizi maumivu hayo yananifuata hata ninaposhuka ngazi. Unyayo wa mbele nimeugeuza nyuzi 90, wa nyuma nimeuingiza ndani kidogo. Kiongozi wa darasa ananitaka nisukume goti nyuma mpaka mguu unyooke kabisa na nishushe mkono hadi sakafuni. Anasema maumivu hayo ni sumu zinazotoka mwilini. Ninakosea wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Dada, nyayo zako umeziweka vizuri. Tatizo limeanzia kwenye agizo la kusukuma goti nyuma. Goti hufanya kazi karibu kama bawaba ya mlango: likishanyooka halina tena mahali pa kwenda, na anayelilazimisha anahamisha uzito kutoka kwenye misuli ya paja hadi kwenye kano na utando wa nyuma ya kiungo. Badala yake, kandamiza chini shina la kidole gumba na kisigino kwa nguvu iliyo sawa, acha muundi uegemee mbele kidogo kana kwamba unataka kukunja goti, kisha kaza misuli ya mbele ya paja hadi uione pia ya goti ikipanda. Pia ya goti ielekee kidole cha pili cha mguu. Ikiwa inaangalia ndani, lizungushe paja kwa nje kuanzia kwenye nyonga, wala usilisokote goti lenyewe.

Suala la mkono ndilo linalonichosha, kwa maana wagonjwa wanaoniletea magoti, viuno na makalio yanayouma kutokana na mkao huu karibu wote walikuwa wakiitafuta sakafu. Kiwiliwili hakishuki kwa sababu mkono umenyooshwa. Kinashuka kwa sababu fupanyonga limeinama juu ya paja la mbele, na kuinama huko kuna kikomo. Misuli ya nyuma ya paja imeshikizwa kwenye mfupa tunaoukalia, hivyo hukaza kadiri fupanyonga linavyoinama. Zaidi ya hapo, kina cha tundu la nyonga na pembe ya shingo ya mfupa wa paja hutofautiana baina ya mtu na mtu, na hakuna mazoezi ya kunyoosha misuli yatakayobadili umbo la mfupa wa mtu mzima. Fupanyonga likishagota, mkono unaong'ang'ania kushuka huchukua umbali uliobaki kutoka kwingine: kiuno hujipinda, mbavu za juu hubenuka, kifua hugeukia chini, na goti husukumwa nyuma.

Jipime hivi. Ukiwa ndani ya mkao, inua mkono wa chini kidogo tu kutoka ulipoushikiza. Kiwiliwili kikianguka, ulikuwa unaning'inia kwenye viungo vyako. Panda juu, weka mkono kwenye muundi, kwenye tofali la yoga au kwenye kiti, lakini kamwe usiuweke juu ya goti. Wanaoona aibu kutumia kiti wakumbuke kwamba B.K.S. Iyengar wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95 na ambaye jina lake hutajwa na kila anayedai usahihi wa mikao, ndiye aliyeeneza matumizi ya matofali, mikanda, viti na kamba darasani.

Kuhusu sumu: mwili huziondoa kwa kutumia ini na figo. Hakuna inayopitia nyuma ya goti. Anayekuambia maneno hayo hajui kinachokuuma, na badala ya kukiri anakupa jibu lisiloweza kupimwa. Watu wa namna hii wameongezeka. Wapo wanaomkalia mtu mgongoni ili ainame zaidi, wapo wanaoahidi msamba kwa muda mfupi, na wapo wanaomnyoosha kwa nguvu mtu anayelalamika ganzi na mchomo unaoshuka hadi kwenye unyayo, ilhali dalili hizo ni za mshipa wa fahamu, ambao ukivutwa huzidi kukasirika. Mtu mwingine akikusukuma hasikii kile ambacho kiungo chako kinasikia, kwa hiyo una haki ya kumwambia aondoe mikono yake.

Acha mkao huu upande wa kulia mpaka uweze kushuka ngazi bila maumivu, na goti likaguliwe na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu maumivu ya nyuma ya goti yanaweza pia kutokana na uvimbe wa majimaji au jeraha la gegedu. Iwapo shavu la mguu, yaani nyama ya nyuma ya muundi, litavimba, litapata joto au litabadilika rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na usikubali mtu yeyote akuchue kabla daktari hajakuona.