Pensheni binafsi ndogo ya zamani Uingereza: kuitoa yote au kuiacha?

Umeuliza kama uitoe yote pensheni yako ndogo ya zamani ya Uingereza au uiache. Inawezekana kuitoa yote kwa mkupuo, maana una miaka 58 na mfuko wenyewe ni paundi 8,000. Ukomo ni paundi 10,000 kwa mfuko, na kwa pensheni binafsi unaruhusiwa kufanya hivyo mara 3 tu maishani. Robo haina kodi. Iliyobaki ni kipato, na kwa kawaida kampuni ya pensheni inakata kodi ya 20% papo hapo hata kama hukustahili kukatwa. Waliokatwa zaidi wanadai HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) kwa fomu P53. Ukiomba, taja wazi kuwa unatumia utaratibu huu wa mifuko midogo (small pots), maana kuchota kwa njia nyingine kunaweza kushusha ukomo wa michango yako ya baadaye hadi paundi 10,000 kwa mwaka.

Ila mkataba wa miaka ya 80 au 90 usiuguse kwanza! Uliza kampuni ya pensheni kwa maandishi kama una kiwango cha uhakika cha malipo ya maisha. Baadhi ya mikataba hiyo inalipa vizuri kuliko soko la leo, na ukishatoa au kuhamisha hakirudi. Pension Wise, huduma ya serikali kuhusu pensheni, wanatoa mwongozo bure kuanzia miaka 50.