Deraya ya kisayansi ya kutengeneza nyumbani: kabla hujapaka rangi, jaribu kukaa kwenye kiti

Deraya yangu ya kwanza, yaani vazi la sponji lililotengenezwa lifanane na mabamba ya askari wa anga za juu kwenye filamu za kisayansi za kubuni, ilipendeza mno kwenye kioo. Nasema kwenye kioo kwa sababu ndo mahali pekee ilipofanya kazi. Siku ya kuivaa nimetoka mlangoni, nimefika kwenye ngazi, nikanyanyua mguu, mguu ukagoma. Mapaja nilikuwa nimeyatengeneza kama mabomba mawili marefu mpaka karibu na kinena, na bamba la muundi nalo nimelipandisha mpaka gotini, sasa goti likunjikie wapi? Nikashuka kiupande kama kaa. Kwenye gari sikuweza kukaa, ikabidi nilazwe kiti cha nyuma kama zulia lililoviringishwa, na sherehe nzima mwenzenu nilisimama wima masaa matano huku watu wananisifia na mimi nacheka kwa uchungu ndani ya helmeti.

Tangu hapo nimetengeneza mbili zingine na sasa kila anayeniuliza namwambia hivi hivi, usitengeneze kitu cha kupigia picha, tengeneza nguo. Ngumu, ya anga za juu, ina taa na kila kitu, lakini ni nguo.

Vipimo kwanza. Kuna njia ya plastiki na tepu ambayo mi naiamini kuliko futi ya fundi cherehani: unavaa ile nguo ya ndani utakayovalia deraya, unajizungushia plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, halafu mtu anakubandika tepu juu yake mpaka unakuwa kama maiti ya kale ya Misri iliyoviringishwa vitambaa (huwezi kujifanyia mwenyewe mgongoni, tafuta mtu mvumilivu). Wakati anakubandika kifuani vuta pumzi ujaze mapafu, maana ukifungwa umetoa pumzi deraya itakubana siku nzima. Kisha unachora mistari ya vipande kwa kalamu ya wino mzito, na kabla ya kukata ganda hilo la tepu likutoke mwilini (vipande vyake ndo vielelezo vya kukatia sponji) chora vijistari vidogo vinavyovuka kila mstari, hivyo ndo vitakuonyesha baadaye kipande gani kinakutana na kipi. Andika namba, andika kushoto na kulia. Mi niliona uvivu kuandika nikajikuta na vigasha (vipande vya kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) viwili vya mkono wa kulia.

Kuna wanaotumia programu kama Pepakura, inachukua umbo la 3D inalifungua liwe vipande vya karatasi vya kukata. Iko poa, ila umbo lilichorwa kwa mwili wa mtu ambaye si wewe, kwa hiyo usichapishe suti nzima siku moja. Chapisha kigasha kimoja tu, kiunge kwa boksi la karatasi, ingiza mkono, ndo urekebishe ukubwa.

Alafu kuna hesabu moja ndogo ambayo iliniharibia vipande vingi kabla sijaielewa. Sponji ina unene. Ukipima mzunguko wa mkono ukapata sentimita 28 ukakata sponji ya milimita 10 yenye urefu wa sentimita 28, ukiizungusha ndani yake inakuwa ndogo, haitafunga. Zidisha unene kwa 3.14, hiyo ndo ya kuongeza, yaani kwa milimita 10 unaongeza kama sentimita 3. Na hapo hujaweka nafasi ya nguo na jasho.

Sponji yenyewe ni ile ngumu ya EVA (plastiki yenye povu, kama ya kandambili), hata mikeka ya sakafuni inayoungana kwa meno inafaa kabisa. Milimita 10 kwa kifua na mapaja, 5 au 6 kwa vigasha na vitu vya kukunja sana, 2 kwa mapambo. Kukata kunataka wembe mkali, mkali kweli, sio "bado unakata kata". Ukiona kingo zimechanika kama mkate umekatwa na kijiko, wembe umekwisha, badilisha. Vuta mara moja kwa mkono mrefu. Pale vipande vinapokutana kwa kona lalisha wembe nyuzi 45 pande zote mbili, kona ya nyuzi 90 itafunga vizuri.

Sasa sehemu niipendayo. Ile mistari unayoiona kwenye deraya za kisayansi, kama vile zimeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyoungwa kiwandani, haihitaji kubandika chochote. Unapitisha wembe juu ya sponji nusu ya unene tu, usitoboe, halafu unapuliza ile mashine ya hewa ya moto ya mafundi (kikaushia nywele hakifiki joto hilo) na mstari unafunguka wenyewe mbele ya macho yako, kingo zinarudi nyuma kidogo unabaki na mfereji safi. Mara ya kwanza kuona nilikaa nakata mistari kwenye mabaki mpaka usiku wa manane bila sababu yoyote. Hewa hiyo hiyo ya moto ndo inayofunga vitundu vya sponji, utaona uso unabadilika kutoka ule ufifi kwenda mng'ao kidogo, ukiona hivyo hama usije ukaunguza. Na sponji ikiwa bado ya moto ikunje kwenye goti lako au kwenye chungu, shikilia mpaka ipoe, itabaki na umbo hilo.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri kama dakika 10 mpaka ukigusa haishiki kidole, ndo uunganishe, na ukishaunganisha umeunganisha, hakuna kusogeza kidogo kushoto. Anza katikati kwenda pembeni. Na jamani moshi wake sio mzaha: mi kuna siku mvua inanyesha nikafunga madirisha nikapaka suti nzima, kichwa kiliniuma siku mbili. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke huo, inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, madirisha wazi, na moto wowote uwe mbali kwa sababu inawaka. Ya vumbi utaihitaji ukianza kupiga msasa.

Kabla ya rangi, sasa, ndo jaribio. Vaa vyote hata kama vimeshikwa na tepu. Kaa kwenye kiti. Panda ngazi. Nyanyua mikono yote juu ya kichwa. Dondosha ufunguo sakafuni uuokote. Nenda chooni, na sitaki utani hapa, fikiria kabisa utafungua nini kwanza na nani atakufungulia mgongoni. Kila panapogoma chora kwa chaki, vua, kata. Inauma kukata kitu ulichokimenyekea wiki mbili, najua, ila nyuma ya goti na ndani ya kiwiko na kwenye kwapa hakuna mtu anayeangalia, na ukivaa nguo nyeusi ndani pengo linaonekana kama limekusudiwa. Bega usiligandishe kwenye kifua, lining'inize kwa mkanda wa lastiki ili mkono ukipanda na lenyewe lipande. Velkro ishone, ile ya kubandika inabanduka ukishatoka jasho.

Rangi sina mengi. Funga sponji kwanza kwa tabaka kadhaa za rangi inayokauka ikawa kama mpira, au gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji kidogo (hii hupasuka sehemu za kukunja), nyeusi chini, rangi ya chuma juu. Uchakavu ndo unaoifanya iwe kweli: brashi karibu kavu, rangi ya fedha kidogo, gusa kingo tu, pale ambapo mkono unasugua paja ukitembea. Wengi wanachakaza kila mahali sawasawa inaonekana kama ugonjwa wa ngozi.

Helmeti ndo itakutesa. Kioo kinaingia ukungu ndani ya dakika chache za kupumua, na kioo cheusi na ukungu pamoja ni upofu, mi niligonga mlango wa vioo mbele za watu. Weka feni mbili ndogo za volti 5, moja inaingiza hewa kuelekea kioo na nyingine inatoa nyuma, zote kwenye pawabenki, na pawabenki iwe mahali ambapo mkono wako wenye glavu unafika. Ukitumia printa ya 3D kwa helmeti, jua kwamba PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa hizo, inaanza kulainika kwenye kama nyuzi 60 za selsiasi, ukiiacha kwenye gari juani utaikuta imejikunja.

Kuvaa anza chini kwenda juu, miundi kwanza, maana ukishavaa kifua huwezi kuinama. Beba kijimfuko chenye gundi ya kukauka haraka, tepu nyeusi, lastiki ya akiba na mkasi. Ile yangu ya tatu nilikaa nayo kwenye kiti, nikanywa maji kwa mrija, nikapanda ngazi mbili mbili kuonyesha watu. Kiwiko cha kushoto tu bado kinanifinya, nimeshakichora kwa chaki, kesho nakikata.