Jibu: Samaki-mvuvi amewahi kuonekana akiwa hai kilindini?
Umeuliza kama kuna aliyewahi kumwona samaki-mvuvi (yule samaki wa kilindini ambaye jike lake lina kitu kama ndoana na chambo kichwani) akiwa hai kwenye vilindi vyake, au wote tunaowajua walinaswa kwa nyavu. Wameonekana, ila kwa nadra mno. Novemba 2014 roboti ya MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari huko Marekani, ilimrekodi jike mmoja katika korongo la Monterey, California, kina cha mita 580 hivi. Lakini kiboko, kwangu mimi, ni ile video ya 2016 kutoka Azores, visiwa vya Ureno katika Atlantiki. Wanandoa wachunguzi wa vilindi, Kirsten na Joachim Jakobsen, wakiwa ndani ya nyambizi yao ndogo, mita 800 chini, walimkuta jike anaelea tu, nyuzi ndefu za mapezi yake zimemtanda pande zote, na kidume kidogo kimegandia tumboni. Kimeungana naye hadi mishipa ya damu! Wala jike huyo hakimbizi windo. Anatulia kuokoa nguvu.