Mnaotaka kwenda Tower of London kuona mizimu, ushauri wangu huu hapa

Kila ndugu au rafiki akija London lazima aniambie nimpeleke Tower of London, ile ngome ya zamani ya wafalme, na wengi wao wala hawataki kuona taji za wafalme, wanataka mizimu. Washaangalia video huko kwenye simu, mwanamke anatembea hana kichwa, watoto wawili wameshikana mikono ukutani, basi mtu anashuka kwenye ndege na hamu zake zote. Mi naishi huku Uingereza na hiyo kazi ya kuzungusha wageni imeshakuwa yangu, sasa naomba niandike yote hapa kwa pamoja ili nisiwe najibu mmoja mmoja. Nendeni, pale panastahili kabisa, ila msiende kuhesabu mizimu tu. Mizimu ya pale ina ubaguzi jamani! Utaambiwa ya malkia, ya mwana wa mfalme, ya mama mwenye cheo, lakini watu wa kawaida walioteswa na kuuawa kwenye ngome ileile hawana mzuka hata wa kusingiziwa, na giza lenyewe la historia ya pale liko kwao.

Kwa ufupi kuhusu ngome. William, yule Mnormani aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, ndo aliyeianzisha, na lile jengo kubwa la katikati linaloitwa White Tower lilianza kujengwa miaka ya 1070 mwishoni mwishoni, mawe mengine yakaletwa kwa meli kutoka Caen kule Ufaransa. Lina kimo cha mita 27 hivi na ukuta wake kwa chini unafika unene wa mita 4 na nusu, yani Hiace karibu nzima inalala humo ndani ya ukuta. Kusudi lilikuwa kuwatisha watu wa London, wakiinua macho tu waone nani bosi. Mfungwa wa kwanza anayejulikana alikuwa askofu, Ranulf Flambard, akaingizwa mwaka 1100 na mwaka uliofuata akatoroka, aliletewa kamba ndani ya chombo cha mvinyo, akawalewesha walinzi, akateremka dirishani na mwili wake mkubwa vilevile. Waliokuja baada yake wengi hawakuwa na bahati hiyo.

Sasa tuje kwa staa wa mizimu yote, Anne Boleyn. Mke wa pili wa mfalme Henry VIII, alikatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536, tena kwa upanga sio shoka, fundi wa upanga aliitwa maalum kutoka Calais ng'ambo ya bahari. Jeneza hakuna aliyelikumbuka, wakamlaza kwenye sanduku la kuwekea mishale wakamzika kwenye kanisa dogo la St Peter ad Vincula humohumo ndani. Hayo yapo kwenye maandishi. Hayo mengine ya kutembea usiku kichwa kaweka kwapani yamekuja baadaye sana, na hiyo picha ya kwapani ilisambazwa na wimbo wa kuchekesha wa miaka ya 1930, watu wakacheka, watoto wao wakaamini.

Nilienda pale na shangazi yangu, mama wa Tanga, mtu ambaye swali likimjia halilali. Mlinzi anasimulia kwa sauti ile ya jeshi, askari wa zamu akamwona malkia Anne anapita hana kichwa, watu wote kimya, shangazi ananivuta mkono, "Mwanangu, hebu niulizie huyo baba, kichwa hana, sasa walimtambuaje kama ndo yeye?" Ikabidi nimtafsirie, ningefanyaje. Yule mzee alicheka mpaka akashika kofia isidondoke, akasema mwambie mama hilo swali sina jibu lake.

Na kwa kweli ndo ushauri wangu wa kwanza, ulizeni kama shangazi. Nani aliona, lini, na alikuja kusema lini? Chukua stori ya Edmund Lenthal Swifte, aliyekuwa mtunza vito vya ufalme na familia yake inaishi Martin Tower. Anasema usiku mmoja wa mwaka 1817 wako mezani wanakula, kikatokea kitu kama bomba la kioo, unene wa mkono wa mtu, ndani kuna maji meupe na ya bluu yanazunguka, kikawa kinaelea juu ya meza mpaka kikafika begani kwa mkewe, mama akapiga kelele kimemshika, Swifte akakirushia kiti. Inasisimua, mi mwenyewe naipenda kuliko zote kwa sababu haina malkia ndani. Lakini humo humo anakiri kwamba mtoto wake na shemeji yake waliokuwa meza ileile hawakuona kitu, na kuiandika aliiandika mwaka 1860, miaka 43 imepita! Simwiti mwongo, nasema tu ukiisikia iambatanishe na hiyo tarehe.

Au ile ya dubu. Kipindi hicho hicho inasemekana askari wa zamu aliona dubu mkubwa anatokea chini ya mlango wa chumba cha vito, akamchoma na singe, singe ikapita kama hewa ikachoma mlango, askari akazimia na siku chache baadaye akafa. Watu wa mizimu wanaishia hapo. Wasichowaambia ni kwamba Tower ilikuwa na wanyama hai kwa miaka kama 600, ilianza na zawadi za wafalme, mwaka 1252 mfalme wa Norway alileta dubu mweupe ambaye walikuwa wanamfunga mnyororo mrefu anaingia mto Thames kujivulia samaki, mwaka 1255 akaja tembo kutoka kwa mfalme wa Ufaransa na miaka miwili tu akawa kafa. Simba ndo usiseme. Wanyama wa mwisho wameondolewa mwaka 1835, kwa hiyo huyo askari alikuwa anakesha peke yake gizani kwenye ngome yenye wanyama wa porini wanaonguruma kweli, hata mimi ningeona dubu, tena wawili. Siku hizi wameweka sanamu za wanyama zilizosukwa kwa waya sehemu mbalimbali, watoto wanazipenda sana, hilo likumbukeni kama mna watoto mana ngazi za pale zinawachosha.

Kuna sehemu moja ambapo ukweli umezidiwa na hadithi wakati ukweli wenyewe ulikuwa mbaya zaidi. Margaret Pole, mama wa miaka 67, ukoo wa kifalme, kosa lake kubwa damu yake na watoto wake, Henry huyohuyo akaamuru auawe tarehe 27 Mei 1541. Hadithi inasema bibi alikataa kulaza kichwa akakimbia kuzunguka gogo, mnyongaji nyuma na shoka, na kwamba hadi leo ikifika tarehe hiyo anasikika akipiga kelele. Habari za kukimbizwa zilikuja baadaye. Ila balozi Chapuys, aliyekuwa London wakati huo, aliandika kwamba mnyongaji mzoefu hakuwepo, wakamtumia kijana asiyejua kazi, akamkatakata bibi wa watu kichwani na mabegani mpaka alipokata roho. Hapo mzimu wa nini tena?

Halafu ile sehemu ya nyasi, Tower Green, utakuta foleni ya selfi kwenye mnara wa kioo wa kuwakumbuka waliouawa, wenye mto wa kulalia juu yake, wa kioo pia, uliwekwa mwaka 2006. Umetengenezwa vizuri sana sikatai, lakini wanahistoria wengi wanaona jukwaa alilokatiwa kichwa Anne lilikuwa upande mwingine, kaskazini ya White Tower, kule watu wanakopanga mstari wa kuona vito na hakuna anayeangalia chini. Waliokatwa vichwa ndani ya kuta hapo, wale wanaotajwa siku zote, ni saba tu, karibu wote watu wa vyeo vyao, ilikuwa heshima kufa bila kuzomewa.

Sasa hao wengine niliosema. Mwaka 1278 mfalme Edward I aliamuru Wayahudi wakamatwe kwa tuhuma kwamba wanapunguza kingo za sarafu za fedha, waliotupwa Tower walizidi 600, hebu vuta picha watu 600 mle ndani kipindi cha baridi, na mwaka uliofuata zaidi ya 200 wakanyongwa London. Miaka kama kumi na moja kabla, Wayahudi hao hao walikimbilia Tower kujificha kwenye vurugu na wakasaidia kuilinda ngome ya mfalme! Mwaka 1290 akawafukuza wote nchini. Idadi ya waliouawa ni karibu mara thelathini au zaidi ya wale wa kwenye nyasi na sijawahi kusikia ziara ya usiku yoyote ikiwataja kama wanaonekana koridoni.

Anne mwingine pia, Anne Askew, huyu hakuwa malkia. Alikuwa mwanamke wa miaka kama 25 aliyehubiri imani iliyokatazwa, mwaka 1546 wakamlaza kwenye ile mashine ya kuvuta viungo ili ataje wanawake wa karibu na malkia Catherine Parr, mke wa sita wa Henry huyohuyo. Mkuu wa ngome alipoona inatosha akagoma kuendelea, basi mawaziri wawili wa mfalme, Wriothesley na Rich, wakavua makoti wakazungusha wenyewe. Hakutaja mtu. Siku ya kuchomwa moto pale Smithfield ilibidi abebwe kwenye kiti mana miguu ilikuwa haifanyi kazi tena. Mashine ya namna hiyo ipo chini ya Wakefield Tower, wametengeneza ya mfano, wageni wangu wanapita dakika mbili wanasema mh kidogo, twende, kwa hiyo ushauri wangu simameni pale na stori ya Askew kichwani.

Na kiti kingine, cha Josef Jakobs. Jasusi wa Kijerumani aliyerushwa na parachuti mwezi Januari 1941 akavunjika kifundo cha mguu, akakamatwa na tarehe 15 Agosti mwaka huo wakampiga risasi akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu kusimama hawezi. Ndo mtu wa mwisho kuuawa Tower. Jumlisha na majasusi 11 wa vita ya kwanza unapata 12, yani karne ya 20 peke yake, karne ya redio na ndege, imeua pale watu wengi kuliko hao saba wa kwenye nyasi. Hili huwa linawashangaza wageni kuliko mzuka wowote.

Kama muda wenu mdogo na lazima mchague, mi ningesema achaneni na foleni ya vito kwanza, nendeni Beauchamp Tower na Salt Tower mkasome kuta. Wafungwa walichonga. Beauchamp kuna kengele imechongwa na juu yake herufi A, ni Thomas Abell, padri wa malkia Catherine wa Aragon, mke wa kwanza wa Henry, jina lake kaligeuza fumbo kabla hawajamuua mwaka 1540. Kuna sehemu imeandikwa IANE tu, herufi nne, wengi wanaihusisha na Lady Jane Grey, binti aliyekuwa malkia siku tisa akauawa Februari 1554, asubuhi hiyo akiwa ameshauona mwili wa mumewe ukirudishwa na mkokoteni. Ila ninayoipenda mimi iko Salt Tower, ya Hew Draper, mwenye nyumba ya wageni kutoka Bristol, mtu wa kawaida kabisa aliyeshtakiwa kwa uchawi. Akasema vitabu vyake ameshachoma. Alafu ndani ya chumba cha gereza akachonga mduara mkubwa wa nyota na sayari, mistari imenyooka utadhani katumia rula, na pembeni jina lake na tarehe, 30 Mei 1561. Mtu anashtakiwa kwa uchawi wa nyota anakaa anachonga nyota! Inamisha kichwa uangalie mistari kwa ubavu, mwanga ukipita utaona kila alama ya chuma alichotumia. Usiguse lakini.

Mengine ya haraka haraka. Tiketi kateni onlaini mapema, bei imechangamka, mtu mzima inazidi pauni 30. Fikeni wanapofungua, mkaunge ziara ya walinzi, wale Yeoman Warders wa kofia nyeusi, ipo ndani ya bei hiyo hiyo na wale ni wanajeshi wastaafu waliotumikia miaka 22 au zaidi, wanaishi mle mle na familia zao kwa hiyo mkitaka kuuliza nani anasikia milango usiku muulizeni mtu anayelala pale. Shukeni stesheni ya Tower Hill, na kabla ya kuingia vukeni kwenye bustani ya Trinity Square, ndipo jukwaa la hadharani lilipokuwa, zaidi ya watu 100 waliuawa pale mbele ya umati, kuna vibao vya majina na hulipii chochote. Viatu viwe vya chini mana mawe yanateleza mvua ikinyesha, na huku mvua sio habari. Na kwa wale wanaong'ang'ania usiku, badala ya kulipa watu wa ziara za mizimu mtaani tafuteni Ceremony of the Keys, kufunga mageti kwa askari na taa saa nne kasoro usiku, wamefanya hivyo kwa karne nyingi kila siku. Tiketi zake ni tofauti, zinatoka kwenye tovuti yao na zinawahi kuisha, picha hairuhusiwi, na ukichelewa hufunguliwi geti hata ulie.