Fulana ya Baba

Juzi binti mmoja wa hapa Houston, anamaliza sekondari mwaka huu, kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata chuo kikubwa cha binafsi huko mbali na chuo cha serikali hapa hapa Texas. Nataka udaktari. Baba anasema niende kwenye chuo chenye jina."

Marahaba mdogo wangu. Kaa nikusimulie.

Baba yangu naye alisema jina. Barua ya kukubaliwa chuo cha binafsi chenye jina ilipofika, alinunua fulana ya chuo kile, akaivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Kwa akili ya nyumbani, ukifaulu PCB (fizikia, kemia na biolojia) unaingia chuo cha udaktari cha Muhimbili, miaka mitano unatoka daktari. Nani angemweleza kwamba Marekani unasoma kwanza digrii ya miaka minne, hata ya historia, ilimradi umepita biolojia, kemia na fizikia pamoja na maabara zake, ndipo uombe udaktari wenyewe, minne mingine?

Muhula wa kwanza nikapata C ya kemia. Ukumbi umejaa, alama zinatolewa kwa kushindanisha, na wenzangu wengi walishayasoma yale yote sekondari. Nikarudia, nikapata A, nikadhani yamekwisha. Wapi! Kwenye maombi ya udaktari alama zote mbili huhesabiwa.

Kilichoniuma zaidi ni barua ya kamati, yaani barua ya chuo ya kukupendekeza unapoomba udaktari. Chuo kilijisifu kwamba karibu wote wanaoomba udaktari kutoka pale hupata. Mwaka wa tatu mshauri akaniita, mpole kabisa, akaniambia kamati haitaniandikia. Ndipo nikaielewa hesabu yao: dhaifu wanachujwa kabla hawajaomba, wanahesabiwa waliobaki. Mpaka leo nikiiona ile fulana tumbo linanikata.

Nikarudi Texas na deni, nikamalizia chuo cha serikali ambacho baba hakukinunulia hata kikombe. MCAT, mtihani wa kuombea udaktari, nimefanya mara mbili. Kuomba, mara mbili. Julai iliyopita nimevaa koti jeupe la kuanza udaktari, na ndiyo, najivuna.

Kwa hiyo, mdogo wangu, waulize vyuo vyote viwili: wangapi walianza na ndoto ya udaktari, si wangapi waliomba. Uliza kama kamati humwandikia kila anayetaka. Halafu tazama deni, kwa sababu udaktari nao unakuja na mkopo wake. Deni, nasema tena. Na kumbuka vyuo vya udaktari vya serikali hapa Texas hutenga sehemu kubwa ya nafasi kwa wakazi wa jimbo. Hiyo unayo tayari, hakuna jina la chuo litakalokuongezea.

Nanyi wazazi, acheni kuvaa vyuo vya watoto wenu! Anayekesha na kemia ni mtoto.

Baba yako akikasirika, mpe namba yangu. Wangu ilipita miaka miwili kabla hajaniuliza chuo changu cha pili kinaitwaje.