Wakili Anajibu: Mbona unamtetea muuaji?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka visiwani. Nimezifupisha.

Niko kidato cha nne, Faza. Nataka kuwa wakili wa haki za binadamu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye insha, mwanangu. Kusomea sheria hutakiwa C+ ya jumla, na B ya Kiingereza au Kiswahili. Shahada ni miaka 4, kisha Kenya School of Law kule Karen, pamoja na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, ndipo uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Cheti cha peke yake cha haki za binadamu hakipo. Utajulikana kwa kesi unazozishika. Likizo ikifika, nenda kaketi nyuma kwenye mahakama ya Lamu usikilize. Kuingia ni bure.

Mwenzetu wa bodaboda amekamatwa Malindi tangu juzi. Kituoni tunaambiwa tusubiri. Ni sawa?

Si sawa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata zikiishia siku ya mapumziko. (Ndiyo maana watu hukamatwa sana Ijumaa jioni.) Ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili. Nendeni wawili, ombeni nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), andikeni jina la afisa wa zamu. Bondi ya polisi hailipiwi. Mkitoa pesa za dhamana, dai risiti hapo hapo.

Wakili, unalalaje ukimtetea mtu aliyeua? Mama, Langoni.

Mama, swali hili huulizwa hata harusini, sahani ya pilau mkononi.

Mteja akinikiria kwamba ametenda, siwezi kumpandisha kizimbani aseme uongo. Lakini mzigo wa kuthibitisha bado ni wa serikali, na kazi yangu ni kuupima mzigo huo. Nilishika kesi moja ya wizi wa mabavu, kosa ambalo kisheria adhabu yake ni kifo, ingawa Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Shahidi alisema alimtambua mshtakiwa usiku, kwa tochi. Nikamuuliza tochi alishika nani. "Wao." Walimulika wapi? "Machoni mwangu." Nikaomba OB isomwe. Ripoti ya asubuhi ile ile ilisema aliibiwa na watu asiowajua, na mshtakiwa ni jirani yake wa mlango wa pili! Bila mtu wa kuuliza maswali hayo, jirani yule angehukumiwa.

Na ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa katika msitu wa Shakahola, 2023, hapa Malindi niliambiwa na wengi kuwa watuhumiwa wale hawastahili wakili. Naelewa hasira ile. Ila hukumu iliyopatikana bila utetezi hubomoka kwenye rufaa, na familia zilizozika watoto huitwa tena kutoa ushahidi upya. Sijui ni nani kati yao angefurahia hilo.

Sisi ni wavuvi, hatuna kesi ya jinai. Wakili wa haki atatufaa nini?

Waulizeni wenzenu wa Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba ujenzi wa bandari ya LAPSSET (mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia) umekiuka haki zao, ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini jueni hili mapema: hukumu haileti pesa siku hiyo hiyo. Fidia ile iliburutwa kwa miaka.

Kazi hii haina hatari?

Inayo. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016, pamoja na mteja wake aliyekuwa akimshtaki polisi na dereva wao wa teksi. Waliotiwa hatiani 2022 walikuwemo maafisa watatu wa polisi. Mimi humwambia mtu wa ofisini niendako, na mteja mwenye kesi dhidi ya polisi simwachi atoke kortini peke yake.

Na malipo?

Kesi za mauaji mahakama humteulia asiyejiweza wakili, na Idara ya Mahakama ndiyo hulipa: kidogo, tena kwa kuchelewa. Kodi ya ofisi yangu hulipwa na hati za mashamba.