Niuze shamba la minazi?

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mhasibu. Mimi nauza chai na vitumbua Ngamiani, barabara ya 12. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea ualimu chuo binafsi huko Mwanza. Baba yake ni marehemu. Kijana wa steshenari ananiambia wa chuo binafsi hapati mkopo wa serikali. Nina kishamba cha minazi Pongwe na mnunuzi yupo. Niuze?
Mama Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usiuze. Huyo kijana abaki na kopi zake. Bodi ya Mikopo (HESLB) inawakopesha hata wa vyuo binafsi, na uyatima una uzito kwenye maombi. Ila uyatima huo ni karatasi: cheti cha kifo cha baba na cha kuzaliwa cha mtoto, vyote vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo.

Mimi nimekaa dirisha la ada mpaka nikastaafu, na waliokuwa wakinitoa jasho ni wa majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Bakari Juma, cha kidato cha nne Mwanahamisi B. Mzee, na marehemu kwenye cheti chake ni Abubakari. Hapo utamshawishi nani kuwa ni baba na mwana? Vitandaze mkekani leo, msome herufi kwa herufi. Visipolingana, muone wakili mapema awaandalie kiapo cha majina. Wiki ya mwisho huko kwa mawakili hapakanyagiki.

Maombi ni mtandaoni, kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ileile aliyoombea chuo. Fomu ikichapwa, isainiwe serikali ya mtaa na kwa hakimu au wakili. Mdhamini uwe wewe.

Sasa la minazi. Mkopo waweza kuja pungufu ya ada, na pengo ni lenu. Binti aandike barua kwa wahasibu wa chuo, asipige simu, aombe kulipa kwa awamu na aulize kama wana punguzo kwa yatima. Ataje kiasi na tarehe. Barua yenye tarehe nilikuwa naipeleka kwa bosi siku hiyohiyo. Ya kulialia tu ilikuwa inalala kwenye trei. Pesa ya nazi ndiyo awamu yenyewe, sasa ukiuza shamba mwaka wa pili utalipa nini?

Ajue pia kwamba ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Na majina ya waliopata mkopo yakitoka asijione, asikimbilie kuahirisha chuo; dirisha la rufaa hufunguliwa.